Mawingu ya Makongeni: Vinyago Visivyoiga Umbo na Tatizo la Istilahi Zetu

Katika uhakiki wetu wa Kiswahili limejengeka swali moja ambalo mwanafunzi hufundishwa kuliuliza mbele ya kila kazi ya sanaa: kazi hii inasema nini? Shairi, riwaya, tamthilia, hata wimbo wa ngoma, vyote hupitishwa katika chekeche la fani na maudhui, na kile kibakicho juu ya chekeche huitwa ujumbe. Swali hilo lina manufaa yake, wala sina nia ya kulibeza. Lakini ziko kazi zisizopita humo, na si kwa sababu ni kazi duni. Katika makala haya nakusudia kuchunguza aina moja ya kazi hizo, yaani vinyago viitwavyo mawingu, kama vinavyochongwa na Wamakonde wa Kwale katika pwani ya kusini ya Kenya, na kuonyesha kwamba wachongaji hawa wametupa, pamoja na vinyago vyenyewe, istilahi ya kihakiki ambayo sisi tulio vyuoni tumeshindwa kuiunda.

Yafaa kwanza tuwatambulishe wenye kazi. Asili ya Wamakonde ni nyanda za juu zilizo pande mbili za mto Ruvuma: Mueda upande wa Msumbiji, na Newala upande wa Tanzania. Tangu miaka ya 1930 baadhi yao walifika Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na wengi waliajiriwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, ambacho kilifungwa mwaka 1988. Watoto na wajukuu wao walizaliwa huko huko, wakakua wakisema Kiswahili na Kidigo pamoja na Kimakonde, lakini kwa miaka mingi walikuwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao kwa Rais, na Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hapa pana sadfa ambayo sijaona mtu akiitaja. Tarehe 2 Januari 2017 ndipo mpingo, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia, ulipoingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, hata ukawa hauvuki mpaka kwenda kuuzwa ila kwa kibali. Basi mti ulipata hati zake mwezi mmoja kabla ya mchongaji kupata zake.

Sanaa ya kisasa ya Wamakonde, ile inayouzwa na kukusanywa na wageni, kwa kawaida huelezwa kwa mitindo mitatu. Upo mtindo wa ujamaa, yaani nguzo ya watu waliobebana na kushikana kutoka chini hadi juu, ambao wachongaji walikuwa na jina lao la kuuita, dimoongo, kabla siasa haijauvika jina jingine. Upo mtindo wa shetani, ambao huhusishwa na Samaki Likankoa na kazi alizoanza kumpelekea mfanyabiashara Mohamed Peera huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950: viumbe wenye jicho moja, sikio lililojikunja mgongoni, titi lililogeuka mkono. Na upo mtindo wa mawingu, unaohusishwa na Clementi Ngala, ambao hauna jicho wala sikio wala titi. Ni ubao wa mpingo uliopindwa, ukatobolewa, ukazungushwa, ukang'arishwa. Kuna jambo linalopanda, jambo linalojikunja, na mwanya kati yao. Basi.

Katika mitindo hii mitatu, ule wa ujamaa ndio uliosifiwa kupita kiasi, na sababu yake naiona wazi: unaelezeka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nguzo hizo zilifaa kila ofisi na kila hotuba, kwani mgeni angeweza kuonyeshwa kwa kidole kwamba huyu kambeba yule, na yule kamshika huyu, na hiyo ndiyo jamii. Zipo nguzo za ujamaa zilizo kazi kubwa kwelikweli. Lakini nyingi ni insha iliyoandikwa juu ya gogo. Shetani naye alipata wasomi wake, hasa wanaanthropolojia, waliokuta katika kila kiungo kilichopotoka imani fulani ya kuandikiwa sura nzima ya kitabu. Mawingu hayakupata mtu. Katika vitabu vingi hutajwa kwa aya moja mwishoni, kana kwamba ni shetani aliyechoka.

Nimepata kukaa mara kadhaa katika kibanda cha wachongaji huko Makongeni, na ningependa kueleza kwa kirefu namna kinyago cha namna hii kinavyotokea, maana naamini hoja nzima imo katika utaratibu huo wa kazi.

Gogo la mpingo si kama gogo la mnazi. Halina mviringo ulionyooka; lina mifereji ubavuni, limejipinda, na mara nyingi lina ufa au tundu lililooza katikati. Nje pana tabaka jembamba la mti mweupe kama maziwa yaliyochacha. Ndani ndipo penye kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau unaoonekana tu ukikipeleka juani. Mchongaji wa simba au wa Mmasai mwenye mkuki hulikataa gogo lenye tundu, kwa sababu anajua kabla ya kushika tezo kwamba mguu wa simba utaangukia palipooza. Mchongaji wa mawingu hulichukua. Gogo ambalo mwenzake amelitupa kando ya kibanda ndilo yeye analoligeuza geuza kwa siku mbili, akilisimamisha kwa kichwa, akililaza, akiondoa ganda kidogo kidogo kwa tezo ili auone ufa unakokwenda. Hachori. Hana picha wala kielelezo. Nilipomwuliza mmoja wao kama tayari ameona atakachochonga, alinijibu kwa kunionyesha ufa tu.

Kinachofuata ni kinyume cha tunavyodhani juu ya uchongaji. Sisi hudhani kwamba mchongaji hulitoa umbo lililo ndani ya mti kwa kuondoa kilicho nje yake. Mchongaji huyu hufanya uwazi kwanza. Huanza pale mti wenyewe ulipokwisha kuanza, katika tundu lile bovu, akalisafisha, akalipanua, kisha akaja upande wa pili na kulitafuta kwa patasi. Hiyo ndiyo saa ya hatari. Matundu mawili yasipokutana sawasawa, ubavu uliobaki kati yao huwa mnene mahali pasipotakiwa, na mpingo hauna msamaha: kipande kilichokwisha kutoka hakirudishwi. Yakikutana vema, ndipo mbavu zinapoanza kuonekana, na kuanzia hapo kila pigo la tezo hupimwa kwa pigo lililotangulia. Mchongaji wa binadamu ana kipimo nje ya kazi yake. Akikosea mkono, hata mtoto ataona. Wa mawingu hana kipimo ila uhusiano wa sehemu na sehemu: unene wa ubavu huu kwa upana wa mwanya ule, mpindo wa juu kwa uzito wa tako la chini. Baada ya hapo huja tupa, kisha msasa wa aina mbili tatu, na kusugua kwa siku nyingi ambako vijana wanaojifunza ndio huachiwa. Lakini niliona kwamba sehemu za ndani, zile ambazo kidole kimoja tu hupita, mwenye kazi hakumwachia kijana.

Kinyago kimoja nilichokiona kikimalizika kilikuwa na urefu wa dhiraa moja. Kutoka katika tako lililoachwa karibu ghafi, na alama za tezo zikionekana, zilipanda mbavu mbili zikipishana. Ukikitazama kutoka kushoto, zimeungana juu kama viganja viwili. Ukikizungusha robo ya mzunguko, unaona kwamba hazigusani kabisa; kati yao pana nafasi ya upana wa ukucha, na nafasi hiyo inashuka ikipinda mpaka inapotelea katika tundu kubwa la chini. Kwenye ukingo wa ubavu mmoja mchongaji alibakiza mstari wa ule mti mweupe wa nje, mwembamba kama uzi. Jicho huufuata mstari huo mweupe likidhani linafuata mti, kumbe linafuata ukingo wa hewa. Ukiulizwa kinyago hiki kina nini katikati yake, jibu la kweli ni kwamba hakina kitu, na kwamba hicho kisicho kitu ndicho kilichochongwa kwa uangalifu zaidi.

Kinyago hicho kikifika barabara ya Diani kitasimama mezani kati ya twiga na vinara vya mishumaa, na mtalii ataulizia ni nini. Muuzaji, ambaye naye ana watoto wa kulisha, atamwambia kwamba hiyo ni familia, au mama na mtoto, au mapenzi. Nimesikia majibu yote matatu juu ya kinyago kimoja katika alasiri moja. Tusiharakishe kumcheka. Swali la mtalii ni lile lile tunaloliweka katika karatasi zetu za mitihani, na jibu la muuzaji ni lile lile la mtahiniwa aliyejifunza kwamba bila ujumbe hapati alama.

Liko jibu jingine, la kisomi zaidi, nalo ni kwamba vinyago hivi ni picha ya mandhari. Mtu aliyesimama ufuoni Msambweni mwezi wa Mei, kusi ikivuma, huona mawingu yakija kutoka baharini, yakipanda, yakijikunja, yakiachana, yakipita juu ya minazi kuelekea milima ya Shimba, ambako huzuiwa na kumwagika. Ni rahisi kusema kwamba mchongaji anakaa chini ya anga hilo na kwa hiyo analichonga. Nadharia ya sanaa kuwa kioo cha mazingira imetulea wengi wetu. Hapa haitoshi. Kwanza, mtindo wenyewe haukuzaliwa Kwale. Ulizaliwa Dar es Salaam, na mchongaji wa Makongeni aliupokea kama mshairi anavyopokea bahari ya shairi. Pili, hakuna wingu lililotazamwa wakati wa kuchonga. Kilichotazamwa ni ufa. Wako pia watakaosema kwamba watu waliokaa miaka themanini bila kitambulisho, na kwa hiyo bila njia ya kupata hati ya shamba, wamechonga ulimwengu usio na ardhi. Maneno hayo yanavutia, na nakiri yanauma, lakini yanamnyima mchongaji hiari yake: yanamfanya awe dalili ya ugonjwa, badala ya kuwa mtu aliyeamua.

Hata hivyo neno mandhari lisitupwe. Katika uhakiki wetu tumelifanya liwe jina la mahali na wakati ambamo visa hutokea, kama kapu na mayai. Asili yake ya Kiarabu ina kitendo cha kutazama ndani yake; ni jamaa ya nadhari. Mandhari ni mahali pa jicho kabla ya kuwa mahali pa tukio. Kwa maana hiyo ya kale, kinyago cha mawingu ni mandhari kamili: hakikuonyeshi nchi fulani, bali kinakufanyia kazi ile ile ambayo nchi hukufanyia unapotembea ndani yake, ya kufunga na kufungua, kuficha kilichokuwa wazi na kufichua kilichofichika, kwa kadiri unavyosogea.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilijifunza kidogo juu ya Barbara Hepworth, mchongaji aliyeishi St Ives, katika pwani ya Cornwall. Kazi yake iitwayo Pelagos, ya mwaka 1946, iliyomo katika mkusanyo wa Tate, ni mti uliokombwa ndani ukawa kama kombe, ndani pamepakwa rangi ya samawati nyepesi, na nyuzi zimevutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenyewe aliihusisha na ghuba aliyoiona mbele yake, mikono miwili ya ardhi ikiikumbatia bahari. Hepworth naye alichonga moja kwa moja katika mti na jiwe bila kutengeneza kielelezo kwanza, naye alitoboa. Wahakiki wa Ulaya wameandika mengi juu ya tundu lake, na hakuna aliyedai kwamba lazima liwe mama na mtoto. Silinganishi ili kuonyesha kwamba Mmakonde naye anaweza; hoja ya namna hiyo ilipaswa kuzikwa zamani. Nalinganisha kwa sababu tofauti yao inafundisha. Kwa Hepworth ukuta wa mti ndio ardhi na uwazi ndio bahari, kila kimoja na jina lake. Kwa mchongaji wa Makongeni huwezi kugawa hivyo. Ubavu hauzingiri uwazi, wala uwazi hauingii katika ubavu, vimeachiana nafasi.

Sasa nije katika istilahi. Neno tunalolitumia kwa sanaa ya namna hii ni dhahania. Tumelitoa katika sarufi, ambamo nomino dhahania ni upendo, uzuri na wivu, vitu visivyoshikika. Chimbuko lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya akili. Istilahi hiyo yafaa kwa sarufi, lakini ukiipeleka kwa mchongaji inakuwa kichekesho. Mpingo ni miongoni mwa miti mizito kuliko yote duniani. Ukiutia majini unazama. Kukiita kitu hicho kuwa kisichoshikika, eti kwa sababu hakifanani na simba, ni kukiri kwamba tunachokiona kuwa halisi ni jina la kitu, si kitu. Wengine husema sanaa isiyo ya kiuhalisia. Hiyo ni istilahi ya kukanusha tu, inayoeleza kazi kwa kile inachokosa.

Wachongaji walisema mawingu. Tulitazame neno hilo kama wanaisimu. Kinyago cha shetani ni cha shetani mmoja. Wakiwa wengi huitwa mashetani. Lakini kinyago kimoja, hata kiwe kidogo cha kukaa kiganjani, ni cha mawingu. Sijapata kusikia kibandani mtu akisema kinyago cha wingu. Wingi huo si wa idadi. Ni ule wa maji, mafuta na maziwa, ambao katika lugha yetu hutaja kitu kisicho na ukingo wa kuhesabika. Jina hili basi halisemi kwamba mti umechongwa kwa mfano wa wingu fulani. Linasema kwamba umechongwa kwa tabia ya kile ambacho hakina umbo lake la kudumu na bado kinaonekana wazi kuliko kitu chochote juu ya vichwa vyetu. Halihitaji akili ikimbie jicho. Istilahi gani ya kamati ingeweza kusema hivyo kwa silabi tatu?

Nafikiri pia kwamba istilahi hii inaweza kutusaidia nje ya uchongaji, ingawa napenda tuitumie kwa kiasi. Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, ubishi ulihusu vina na mizani, na walioona mashairi yake kuwa guni walikuwa wakiyapima kwa kile yalichokosa. Alipotoa baadaye Nagona na Mzingile, wengi wetu tulitafuta ujumbe kama mtalii wa Diani, na tukajipatia familia, mama na mtoto. Msomaji aliyekwisha kuzunguka kinyago cha mawingu angalau angejua kwamba kuna kazi ambazo muundo wake ni mpangilio wa mianya, na kwamba kuzisoma ni kuzizunguka.

Wapinzani watasema kwamba nautukuza mtindo uliozaliwa dukani. Ni kweli kwamba mawingu hayana ngoma wala jando nyuma yake, kama vile vinyago vya mapiko vilivyo na ngoma yake. Yalichongwa tangu mwanzo ili yauzwe. Lakini utenzi ulioandikwa kwa ajili ya tajiri aliyeulipia haukukoma kuwa utenzi. Soko limefanya madhara ya namna nyingine, ambayo mhakiki ana wajibu wa kuyasema: limejaza meza za Diani mawingu ya uongo. Hayana ugumu kutambulika. Yageuze uyatazame nyuma. Mengi hayana nyuma, yamechongwa kwa mtazamaji mmoja aliyesimama mahali pamoja. Tia kidole katika tundu. Tundu la uongo limetobolewa kwa mashine, limenyooka, na halikutani na lolote. Tazama ukingo mweupe. Mara nyingi umepakwa kiwi cha viatu ili mnunuzi asidhani si mpingo, na hivyo ule uzi wa mwanga uliokuwa hazina ya gogo umezimwa. Uhakiki ukikataa kuyatenga haya na yale, kwa hoja kwamba yote ni bidhaa za watalii, unamwacha mchongaji bora peke yake na muuzaji.

Nalo gogo linazidi kuwa adimu. Mpingo huchukua miaka sabini au mia kufikia unene wa kufaa, na wachongaji wa pwani kwa muda mrefu sasa wamekuwa wakisukumwa kwenye mwarobaini na mwembe. Kwa twiga na vinara haidhuru. Kwa mawingu inadhuru, maana mwarobaini ukikonda mno hukatika kwa kufuata nyuzi zake, na kiini chake hakina weusi wa kuupa ukingo mweupe kazi ya kufanya. Mchongaji niliyemtaja alikuwa amejaribu. Mbavu zilikuwa nene mara mbili ya zile za mpingo, mwanya ulikuwa mpana wa vidole vitatu, na mstari mweupe haukuwapo. Badala yake alikuwa ameacha alama za tezo juu ya uso mzima, bila msasa, ili mwanga ukatike katike. Kilikuwa bado hakijauzwa nilipoondoka, naye alikuwa amekirudia, akipanua mwanya upande wa nyuma.